Maombi ya Leseni ya Uzazi

Kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Popote unaposubiriwa tangu asubuhi.

YAH: MAOMBI YA LESENI YA UZAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wazazi wa Mkula tunakushukuru kwa kuendelea kututembelea kila vijana wetu wanapoharibika kiasi cha kuitishiwa mkutano. Sura hubadilika, cheo hubadilika, gari hubadilika, lakini hotuba ni ileile: "Wazazi mmeshindwa malezi." Safari iliyopita ulituuliza nani kati yetu anajua mwanawe alilala wapi jana. Meza kuu ikacheka. Mama aliyekaa mbele yangu aliinamisha kichwa. Alikuwa amekesha akimtafuta wake.

Basi tumekubali, tumeshindwa. Tukajiuliza tumeshindwa na nani, tukakuta mwenzetu ana leseni.

Imetundikwa ukutani dukani kwake, jirani na shule, ndani ya fremu, ina mhuri na sahihi. Chini yake vimepangwa visungura. Viroba vya pombe mlivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017 nasi tukashangilia. Vipakiti vikaondoka, kilichokuwamo kikahamia kwenye chupa ndogo zinazoingia mfuko uleule wa sare. Pembeni limesimama dubwi, mashine ya kamari, linameza sarafu za mia mbili za madaftari. Bangi na gongo havina leseni, ni kweli, lakini navyo havijawahi kukosekana.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi, na inamtaka mwenye baa amzuie mlangoni. Tunaijua vizuri kwa sababu unatusomea sisi. Mwenye duka hujamsomea hata siku moja. Siku ya mkutano ndiye aliyeleta maji ya chupa meza kuu.

Mheshimiwa, hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Mimi nimelea miaka yote hii kienyeji, bila kibali. Nina cheti cha kuzaliwa cha mtoto tu, ambacho hakijaingiza hata shilingi kwenye mapato ya halmashauri. Kwa hiyo naomba rasmi leseni ya uzazi. Fomu nitaijaza kwa nakala tatu. Ada nitailipa kwa namba ya malipo nipewe risiti ya mashine, na nitaihuisha kila nusu mwaka kama anavyohuisha mwenzangu ya vileo. Naomba iwe na madaraja. Daraja la kwanza limruhusu mzazi kumuuliza mtoto anatoka wapi. Daraja la pili limruhusu kuuliza pesa kaitoa wapi, maana hilo ni swali zito na linaweza kugusa watu wakubwa. Daraja maalumu liwe la bibi zetu, wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako Mwanza au machimboni. Hao wasamehewe ada, na picha ya pasipoti wapigwe wakiwa wamekaa. Bwana afya aje akague sebule. Mimi nitanunua fremu kubwa kuliko ya dukani, niitundike mahali ambapo wewe ukiingia utaiona kabla hujaniona mimi. Na siku nitakapomfuata mwanangu kwenye dubwi, mwenye nalo akiniuliza, "Kwani wewe nani?", nitaikunjua nakala ya leseni yangu mbele ya wateja wake. Nikishakuwa mlipa ada, huenda nami nikalindwa.

Mengine ni madogo. Fulana mnazogawa za kupinga dawa za kulevya zije na saizi za watoto. Zilizopo zinawatosha walevi, nao ndio wanaozivaa. Yule anayepiga muziki kabla hujafika apunguze nyimbo za kusifu pombe. Posho ya mkutano isainiwe na waliohudhuria.

Kuna jambo moja silielewi. Hapa Usukumani ng'ombe mmoja akiibwa usiku, mwano unapigwa, sungusungu wanatoka na marungu, nyayo zinafuatwa kijiji kwa kijiji mpaka kwenye zizi la mwizi. Binti wa shule akipakiwa kwenye bodaboda kupelekwa Lamadi, msimu ambao fedha za pamba ziko mifukoni, tunaambiwa tusubiri mratibu apange tarehe ya mkutano. Tangu 2016 sheria inasema anayempa mwanafunzi mimba atafungwa miaka 30. Inasema vizuri sana. Sisi watoto wetu tunawaokota mitaroni wamelowa matapishi yao, tunawabeba mgongoni wana miaka kumi na nne, halafu unasimama kwenye turubai, na kivuli chako, na maji yako, unatuuliza tunawalea vipi! Unatuuliza sisi!

Niwie radhi, Mheshimiwa. Adabu iliniponyoka. Nirudi kwenye maombi.

Natambua leseni yangu itachukua muda, kwani itabidi kiitishwe kikao, na kikao kiunde kamati. Wakati tukisubiri, naomba ile ya mwenzangu isimamishwe, na dubwi liondolewe. Kwa hilo huhitaji turubai, fulana, muziki wala sisi kukaa juani. Sheria unayo, umetusomea mara nyingi. Safari hii kaisomee dukani.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi asiye na leseni,
Mkula, Busega,
Simiyu.