Mheshimiwa Wilbaro

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Eldoret na simu iliyojaa maajabu. Tulikuwa tumeketi kivulini, mimi namenya njugu, yeye akanisogezea kioo nimwone kijana wa Ulaya aliyesimama juu ya gurudumu moja la umeme, mguu huku, mguu huku, mikono mfukoni, anateleza barabarani kama mtu aliyesahau kwamba dunia ina mashimo.

"Mjomba, hebu ona. Gurudumu moja tu!"

"Na ile?" Nikamwonyesha kwa kidevu.

Ile ilikuwa imesimamishwa ukutani, pua chini, mikono juu, ili kuku wasigeuze karai kuwa kitanda. Wilbaro yetu. Kijana alicheka hadi simu ikamponyoka. Sikumgombeza. Ila niliona chombo hiki kimetukanwa mbele ya kuku wake, na hakina mdomo wa kujitetea, kina mlio tu. Basi nimekiazima mdomo wangu.

Kwanza nimtendee haki mshindani. Kwa jinsi mpwa alivyonieleza, gurudumu lile lina betri na akili ya kujisawazisha: ukiinama mbele linakwenda, ukijivuta nyuma linapunguza mwendo, na ukilidai nguvu kuliko lilizo nazo linakubwaga kifudifudi. Lilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na wenye nalo hawaridhiki kamwe na lilivyotoka dukani. Huyu anaongeza kiti, yule anabandika sponji panapogusa miguu, mwingine anang'oa tairi atie la vipele. Wanakesha wakibishana kuhusu kiasi cha upepo. Niliposikia hilo la upepo, moyo ukalainika. Kumbe ni jamaa zetu, tofauti ni kwamba wao wanachaji na sisi tunakula ugali.

Sisi ni watu wa Nadapal, huku Turkana. Jina limetoka kwa edapal, mti ambao hubaki kijani wakati mingine imekwisha kata tamaa, na ambao mbegu zake huchemshwa muda mrefu kweli kabla hazijakubali kuliwa. Kwa kuwa edapal humea pengi, Nadapal nazo haziko moja. Ile inayotajwa redioni ni ya mpakani na Sudan Kusini. Kila mtu ana yake. Mchanga ni ule ule.

Na kwenye mchanga ndipo heshima ya wilbaro inapoanza. Chukua mkokoteni, ambao watu huudhani mkubwa wake. Mkokoteni una magurudumu mawili, kwa hiyo unahitaji njia mbili nzuri kwa wakati mmoja, na Turkana kupata moja ni bahati. Wilbaro inatafuta njia moja tu, upana wa kiganja: ule mstari mgumu ambao mbuzi wameukanyaga tangu asubuhi. Inapita katikati ya miba, inapita kati ya manyatta mbili zilizokaribiana, inapita palipoandikwa hapapitiki.

Shuleni tulifundishwa siri yake tukiwa tunasinzia. Egemeo liko mbele kwenye gurudumu, mzigo katikati, mikono nyuma. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji. Isogeze mbele, uzito ukae theluthi moja ya urefu kutoka kwenye ekseli, na mikono yako itabeba kilo 27 hivi. Zilizobaki gurudumu linazichukua bila kinyongo. Ukiipakia nyuma kwa uvivu, mgongo utakufundisha fizikia bila chaki.

Wachina walilielewa jambo hili mapema mno. Mwaka 231 jemadari wao Zhuge Liang aliwapelekea askari chakula kwa kitu kilichoitwa ng'ombe wa mbao, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba ng'ombe huyo alikuwa wilbaro. Wilbaro nyingi za kwao ziliwekewa gurudumu kubwa katikati, mzigo ukakaa juu yake na pembeni, msukumaji akabaki na kazi ya kusawazisha tu. Yaani ni kile chombo cha mpwa wangu, kimekosa betri na majivuno. Uingereza nako, mwaka 1974, James Dyson aliuza wilbaro yenye tufe badala ya gurudumu, ili isizame kwenye udongo laini. Baadaye alijulikana kwa mashine za kufyonza vumbi. Namwelewa. Ukishaanza kutafakari wilbaro, wazo la vumbi halikuachi.

Hapa nyumbani imepanda cheo zaidi. Mwaka 2022 iliingia kwenye karatasi ya kura ya urais ikiwa alama ya chama cha UDA, na tarehe 13 Septemba William Ruto akaapishwa kuwa rais. Tangu hapo, ukisema wilbaro mbele ya watu sharti ueleze kama unazungumzia chama au chombo. Mimi nazungumzia chombo. Chombo hakijawahi kuniahidi kitu.

Sasa tuje kwenye kasoro zake, yaani fadhila zake kubwa.

Pancha. Adui yake ana jina: mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Asili yake ni bara la Amerika. Uliletwa kwetu upandwe kuzuia mchanga na kutupatia kuni, ukafanya yote mawili, kisha ukaamua kufanya na mengine. Umejaa kando ya mto Turkwel, umejaa kando ya malaga, ile mito inayokauka hadi mvua inyeshe, na mwiba wake mkavu unaingia kwenye tairi kama sindano kwenye kitambaa. Baringo ulisababisha kesi. Wailchamus waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akafikishwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Wilbaro yangu imepoteza tyubu kumi na moja na haijamshtaki mtu. Linganisheni uvumilivu.

Kuhusu tairi, Nadapal tumegawanyika madhehebu mawili: watu wa upepo na watu wa kushindilia. Watu wa upepo wana pampu, gundi na viraka vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Wanajua kwamba kwenye mchanga unapunguza upepo, tairi lipanuke likanyage kama wayo wa ngamia, na ukifika kwenye lami ya Lodwar unaongeza, lisikuvute nyuma. Ni watu wa starehe. Wilbaro zao hazitikisi mitungi, maji hayamwagiki, na nusu ya maisha yao wamechuchumaa kando ya njia wakiitafuta pancha kwa mate.

Mimi ni mtu wa kushindilia, nilibatizwa baada ya tyubu ya kumi na moja. Fundi wangu hukaa chini ya mti karibu na stendi, mbele yake gogo, nyundo, bisibisi mbili na kisu kilichonolewa hadi kikawa chembamba kama jani. Alichukua tairi bovu la pikipiki akalichana vipande virefu, upana wa vidole viwili. Akavipaka sabuni ya maji viteleze. Kisha akaanza kuvisokomeza ndani ya tairi la wilbaro, kimoja juu ya kingine, bisibisi moja inafungua mdomo, ya pili inasukuma, nyundo inapigilia. Kila akidhani limejaa, alilibonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaongeza kipande. Ilichukua saa moja na nusu na chai mbili, zote mbili zangu. Mwisho alilidundisha juu ya gogo. Halikudunda. Likatoa sauti ya kiazi.

"Hili sasa," akasema, "hata ukipita juu ya nungunungu."

Ni kweli. Tangu siku hiyo miba huingia na kubaki humo humo, nayo inasaidia kushindilia. Gharama yake ni kwamba kila jiwe la njiani linanifikia hadi kwenye magego. Lakini mtu anayetikiswa vile hasinzii kazini, na mbwa walionizoea kwa dharau sasa wananipisha.

Baada ya tairi, mikono. Wilbaro hutoka dukani na mikono ya bomba tupu, kana kwamba aliyeiunda hajawahi kusikia kuhusu jua. Saa saba mchana chuma kile kikiwa nje Lodwar, unaweza kuchoma alama ya ng'ombe. Dawa ni utepe wa tyubu, uvutwe kwa nguvu, uzungushwe kila mzunguko ukipanda nusu ya ule wa kwanza, kisha ncha ichomekwe chini ya zamu ya mwisho. Wengine wanaanza na kitambaa ndani ili jasho lipate pa kwenda. Mimi nimerefusha mikono yangu kwa vipande vya bomba alivyonichomelea fundi, kama urefu wa shibiri moja, na tangu hapo nasukuma nikiwa nimesimama wima kama afisa. Kuna pia kamba ya shingoni: unaifunga mkono wa kulia, unaipitisha nyuma ya shingo, unaifunga wa kushoto, na mabega yanabeba vidole vikipumzika. Ukijikwaa ndipo unagundua kwamba wewe na mzigo sasa ni kitu kimoja.

Breki haina, namshukuru Mungu. Chenye breki huharibika breki.

Abiria je? Mpwa wangu alidhani amenishinda hapo. Simu ikaonyesha kiti kidogo cha sponji juu ya gurudumu la umeme, kimeshonwa kwa ngozi. Nikamwambia asubiri Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya ata kwenda zahanati. Ata ni bibi yetu, magoti yake yamestaafu, na pikipiki ameikataa tangu imwangushe mara moja, jambo ambalo anasema lilikuwa mara mbili. Kuandaa wilbaro yake ni ibada. Kwanza gunia tupu la mahindi chini ya karai. Juu yake mkeka wa majani ya mkoma, umekunjwa mara nne. Juu ya mkeka, ekicholong yake, kile kiti kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hukalia mchana na kulalia kichwa usiku. Kilikuwa cha marehemu mumewe, na ata hukiegemeza nyuma ya kiuno. Anaingia kwa kurudi nyuma, mimi nimeshika mikono miwili nimekanyaga mguu mmoja wa wilbaro isipinduke. Akishatulia, anafungua mwavuli.

"Twende, apa," huniambia. Apa ni baba. Anapotaka kubebwa mimi ni baba. Tukirudi nyumbani nakuwa mtoto mvivu.

Njia nzima anaelekeza. Kushoto. Si kushoto ile. Salamu za watu anazipokea kutoka karai kama gavana, "ejok, ejok," na mimi nyuma yake sionekani. Mpwa alitembea kando siku hiyo kimya. Gurudumu la umeme linajua kumbeba mtu aliyesimama. Mtu ambaye hawezi kusimama lina nini la kumwambia?

Kakuma wangecheka kusikia naitetea wilbaro. Huko haihitaji wakili. Kambi ya wakimbizi ilipoanzishwa mwaka 1992, watoto waliokuwa wametembea kutoka Sudan wakipokelewa, chakula kilipaswa kutoka kwenye ghala hadi kibandani kwa namna fulani, na siku ya mgao hadi leo utaziona zimepangwa nje ya uzio, pua kwa pua, vijana wameketi ndani yake wakingoja gunia. Mwaka 2015 ukaja mpango wa Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikaanza kupitia simu. Ilikuwa hatua kubwa. Pesa iliingia kwenye simu, lakini unga bado haujakubali kuingia.

Nimebakiza mlio. Nimeuacha nyuma kwa sababu ndiyo kasoro niliyowahi kuionea haya.

Wilbaro yangu hulia kwenye ekseli, mara mbili kila mzunguko: kwii, kisha kwe, ya pili chini kidogo kuliko ya kwanza. Inasikika kutoka laga hadi nyumbani. Mpwa alisema gurudumu la umeme huenda kimya kama paka. Nikashikwa na wivu. Nikainunua grisi ya shilingi hamsini, nikaitoa ekseli, nikaifuta mchanga wa miaka minne kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikapaka, nikarudisha. Nikaisukuma uani. Kimya. Nilijihisi nimepoteza meno.

Jioni nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, lango lilikuwa limefungwa, maana watoto huja kulifungua wakisikia kwii ya kwanza kutoka kwenye laga. Nilisimama nje na kilo 80 nikibisha kwa mguu. Ndani, dada yangu hakuwa amebandika chai, maana sufuria huenda jikoni kwa kwe ya pale kwenye mchongoma. Ata akauliza nani ameingia kwa kunyata kama mwizi. Siku ya pili yale yale. Na jirani, mama ninayemchotea mitungi miwili, ambaye hutoka kunilipa akinisikia napita, hakutoka; kesho yake akanilaumu kwamba nimemruka.

Siku ya tatu nilishuka laga kabla jua halijachomoza. Nikaigeuza wilbaro tumbo juu, nikachota mchanga mkavu konzi moja, nikaumimina kidogo kidogo kwenye ekseli, huku nikilizungusha gurudumu kwa mkono wa pili na kusikiliza.

Kwii ilirudi kwanza. Kwe ilihitaji konzi nyingine.