Katoni Hainenepi Njiani: Mwongozo wa Kupinga Ankara ya Msafirishaji

Umemuuzia mteja wa Chicago vikapu sita vya mkonge kupitia simu. Umevipima mwenyewe, kilo 4. Ukalipa nauli uliyotajiwa, mzigo ukafika, mteja akashukuru, na fedha umeshazigawa: za akina mama wa Machakos waliosuka, za karo, za mtaji wa awamu ijayo. Kisha inakujia ankara ya nyongeza kutoka kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Inasema ulituma kilo 22.5.

Usilipe bado, wala usikae kimya. Wengi hulipa kwa sababu tu ankara imechapishwa vizuri na ina nembo juu. Nembo si hoja. Wengine huipuuza wakidhani itachoka na kuondoka, nayo haichoki: akaunti yako hufungwa, na mzigo wako ujao huzuiliwa kaunta huku mteja mwingine akikuita tapeli. Njia ya kufuata ni ya tatu, nayo inaanza kwa hesabu.

Kampuni kubwa za kimataifa hazitozi kilo za mizani peke yake. Ndege hujaa nafasi kabla haijajaa uzito, kwa hiyo hupima urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, zikazidisha, zikagawa kwa 5,000. Jibu ndilo uzito wa ujazo. Ukizidi uzito wa mizani, unatozwa huo. Tuseme katoni yako ni ya sentimita 50 kwa 40 kwa 40: ujazo wake ni 80,000. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 16. Hata vikapu vikiwa vyepesi kama pamba, utalipia kilo 16. Hilo si wizi, limo kwenye masharti, na ukilipinga utashindwa mchana kweupe.

Shika sasa kalamu. Ongeza sentimita 5 tu kwenye kila kipimo: 55 kwa 45 kwa 45. Ujazo unaruka hadi 111,375, na uzito unakuwa kilo 22.275, ambao baadhi ya kampuni husogeza juu hadi nusu kilo inayofuata. Hizo hapo kilo zako 22.5! Sentimita 5, upana wa vidole vitatu, zimekuongezea kilo 6 na nusu. Anayepunjwa hapo si wewe peke yako. Bei ya kikapu umeshakubaliana na mteja na huwezi kumrudia, basi pengo hilo utaliziba kwa ujira wa mama aliyekaa siku nyingi akisokota mkonge kwenye paja lake. Ndiyo maana nasema ankara hii ipingwe, hata kama kiasi chenyewe kinaonekana kidogo kuliko usumbufu wake.

Kabla ya kupinga, jihoji kwa haki. Katoni hainenepi njiani kama unga wa mandazi, lakini kuna katoni zinazovimba. Ukiijaza kupita kiasi tumbo lake hutokeza, na mashine ya kupimia husoma pale palipotokeza zaidi. Kipande cha gundi kinachoning'inia kinaweza kusomwa nacho. Kama ulifunga vibaya, lipa na ujifunze kufunga. Kikapu cha mkonge hakivunjiki: kibonyeze, kipachike ndani ya mwenzake, na vikapu vile vile sita vinaweza kuingia kwenye katoni ya 50 kwa 40 kwa 20. Hapo uzito wa ujazo ni kilo 8, nusu ya ule wa awali. Hakuna barua itakayokuokolea fedha kama kubonyeza huko.

Lakini kama katoni yako ilikuwa imara na vipimo ulivyoandika ni vya kweli, thibitisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la biashara hii ni picha. Piga picha katoni ikiwa imeshafungwa, futi ya fundi cherehani imelazwa kwenye kila upande na namba zinasomeka. Piga picha nyingine ikiwa juu ya mizani. Ya mwisho ipigwe kaunta, karatasi ya usafirishaji ikiwa imeshabandikwa, ili asije mtu akasema hiyo ni katoni nyingine. Karani akikukazia macho, mkazie pia. Fedha ni zako.

Barua ya kupinga iwe fupi. Usisimulie ulivyolia, wala usitishie kuwaanika mitandaoni; tishio humpa meneja sababu ya kuikabidhi barua kwa mwanasheria, nawe unataka ikae kwa mhasibu. Andika hivi: “Napinga ankara namba fulani ya tarehe fulani. Nilikabidhi katoni ya sentimita 50 × 40 × 40, picha zimeambatishwa. Ninyi mmetoza kilo 22.5. Naomba vipimo vitatu mlivyovisoma, picha au rekodi ya mashine, mahali na tarehe ya kupima, na kigawanyo mlichotumia. Sehemu nisiyoipinga nimeilipa, risiti hii hapa. Naomba jibu kwa maandishi.” Sentensi ya kulipa sehemu usiyoipinga usiikose. Mtu aliyelipa anachodaiwa kihalali haitwi mkwepaji, na kumfungia akaunti kunahitaji maelezo.

Majibu yatakayokuja yanajulikana. La kwanza litaanza na “Mteja wetu mpendwa” na halitakuwa na kitu kingine. Lirudishie barua ile ile. La pili litasema mfumo ndio uliopima. Mfumo haujazaliwa na mama. Kuna mtu aliyeufunga, kuna mtu anayeukagua, na huyo ndiye unayemtaka. La tatu litakuja kwa simu, sauti tamu ikikuomba ulipe kwanza, utarudishiwa baadaye. Kataa kwa adabu na uombe ombi hilo liandikwe. Likiandikwa lina uzito, lisipoandikwa halikusemwa. Kila mara rudi kwenye swali moja: mlipima sentimita ngapi, na ushahidi uko wapi? Mwenye rekodi huitoa. Asiye nayo huanza kukupa punguzo, na punguzo ambalo hukuliomba ni dalili kwamba umewashika pabaya. Usilikubali kabla ya kujua wamekosea kiasi gani. Wakirekebisha, dai ankara ya marekebisho kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), kwa sababu tangu Januari 2024 mamlaka hiyo haitambui gharama za biashara zisizokuwa na ankara ya kielektroniki, na maneno ya mdomo hayatakusaidia mbele yake.

Ankara nyingine inayowaumiza wauzaji ni ya ushuru. Mpaka Agosti 2025, kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote kuanzia tarehe 29 ya mwezi huo. Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umeshafuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vitu vidogo tangu Julai 1, 2021. Sasa mteja akigoma kulipa mlangoni, masharti ya wasafirishaji wengi yanamrudishia deni mtumaji, na nauli ya kurudisha mzigo juu yake. Tazama nakala ya karatasi ya usafirishaji. Penye DDP, ulikubali kulipa ushuru wewe. Penye DAP, ni wa mpokeaji, na aliyegeuza herufi hizo bila idhini yako ana kesi ya kujibu. Hata ukiwa mdaiwa halali, omba hati ya forodha yenyewe. Angalia thamani waliyoandika na kifungu cha bidhaa: 4602 ni cha vikapu na vitu vya kusukwa, 4202 ni cha mikoba na masanduku. Kikapu kikiandikwa mkoba, kiwango cha ushuru kinaweza kubadilika, na tofauti hiyo unalipishwa wewe kwa kosa la mwingine. Tena, mwambie mteja habari ya ushuru kabla hajalipia vikapu. Anayejua mapema hagomi.

Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila ushahidi, usiishie hapo. Kwa aliye Kenya, vyombo vipo. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayowapa leseni wasafirishaji wa vifurushi, na hupokea malalamiko ya wateja walioanza kwanza kwa kampuni yenyewe. Ndiyo faida ya kuandika badala ya kupiga simu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji na ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Itaje kwenye barua ya pili, kwa mstari mmoja, bila mbwembwe. Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kampuni inayomtuma wakili kutetea sentimita 5 itamlipa zaidi ya inachokudai. Wahasibu wao wanaijua hesabu hiyo, nawe ijue.

Jambo la mwisho ni la haraka. Muda wa kupinga ankara umeandikwa kwenye masharti ya msafirishaji, mara nyingi kwa herufi ndogo, na ukipita huchukuliwa kwamba umekubali deni. Kama ankara ya namna hii iko mezani kwako, yasome masharti hayo leo na utume barua kabla ofisi hazijafungwa.