Barua ya Wazi kwa Kamati za Mahafali za Musoma, Bunda na Butiama

Ndugu Wajumbe,

YAH: PONGEZI KWA KUTOMZAWADIA ASIYEMSHINDA MTU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Poleni na majukumu. Msimu wa mahafali si mchezo: kukodi maturubai na spika, kumsubiri mgeni rasmi wa saa nne anayefika saa nane, kufunga zawadi za wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa kila somo. Katika pilikapilika zote hizo hamjateleza mkampa zawadi mwanafunzi ambaye hakumshinda mwenzake. Hongereni.

Maana hatari ipo. Tuseme kuna binti wa Bunda anayewasomea wazee wa jirani maelekezo ya dawa zao. Tuseme kuna kijana wa Mwigobero aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa akaeleza, kwa adabu na bila karatasi, jinsi foleni ya maji inavyowachelewesha wadogo zake shule. Mkitaka kuwaita mbele, mshereheshaji atauliza: wamekuwa wa ngapi? Kati ya wangapi? Shughuli itakwama hapo.

Isitoshe, shuleni mambo haya yana utaratibu wake. Kuongea kunashughulikiwa na kiranja, kwenye orodha ya wapiga kelele. Kuitumikia jamii nako kupo: ni adhabu. Aliyechelewa anafyeka, aliyesinzia anachota maji, aliyemjibu mwalimu anadeki choo. Kazi ya wakosaji mkiitolea cheti, si mtawachanganya watoto? Na hotuba ya mwanafunzi kwenye mahafali ipo pia. Anasoma risala iliyoandikwa na mwalimu, kuhusu upungufu wa madawati, akijikwaa anarudia aya. Mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji, tunapiga makofi.

Kinachonitatiza ni anwani yenu tu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapo hapo Musoma ikatoa Azimio la Musoma: amalizaye kidato cha sita asikimbilie chuo kikuu; apite JKT, afanye kazi kwanza, kisha mahali pake pa kazi na chama vimtolee ushuhuda. Alama za mtihani peke yake hazikutosha. Mpango ule ulilegezwa baadaye, nami siulilii wote. Ushuhuda wa chama ukigeuka tiketi, utavuna machawa. Ila swali lake lilikuwa halali: huyu amemfaa nani?

Mtaniambia Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeanza shule hapo Mwisenge mwaka 1934, alifaulu mitihani. Kweli. Ni yeye pia aliyeandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kuwa mtihani haupimi tabia wala utayari wa kutumikia. Hata Baraza la Mitihani, likitoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutangaza kumi bora. Mmebaki ninyi kwenye lindo.

Basi, ikipatikana nafasi kati ya keki na burudani, mwiteni yule binti mseme alichofanya; majirani zake watakuwa hapo chini ya turubai, mkikosea watawasahihisha. Msimpe namba. Na kijana wa Mwigobero mpeni kipaza sauti dakika tano, bila risala. Mgeni rasmi asidokezwe mapema.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi, kiti cha nyuma kabisa, upande wa spika