Mfuniko Ukigongwa, Nanawa Mikono

Jamani, nyumbani kwangu nimegeuzwa maabara. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, anasomea ualimu. Kaja kwetu kufanya field. Nikasema karibu, chumba kipo. Sikujua kama kaja na daftari, na humo kwenye daftari nimo mimi.

Ilianza Jumamosi. Niko zangu sebuleni, nasikia mfuniko wa sufuria, kwa! Nikainuka, nikanawa, nikakaa mezani. Meza nyeupe. Shemeji kasimama na kalamu. "Asante shem, nilikuwa natazama tu."

Eti kuna Mrusi mmoja, Ivan Pavlov. Huyo alikuwa anawapigia mbwa mlio kabla ya kuwapa msosi, mpaka wakawa wanadondokwa mate kwa mlio peke yake. Mzee mwenyewe Nobel kaichukua 1904, kwa mambo ya usagaji wa chakula tumboni. Sasa mimi nafananishwa na mbwa ndani ya nyumba ambayo kodi nalipa mimi! Haya, hilo nimelimeza. Lililoniuma ni la pili. Anasema mbwa ukimpigia mlio mara nyingi bila kumpa kitu, anaacha kudondosha mate. Mimi Jumapili nikaenda tena. Jumatatu mara mbili.

Jumanne akaja na glasi. Maji ya glasi fupi pana akayamimina kwenye ndefu nyembamba, naona kwa macho yangu haya. "Shem, maji yamezidi, yamepungua, au ni yale yale?" Swali gani hilo? Yamezidi, si yamepanda juu! Akaandika. Kumbe Jean Piaget, Mswisi, alikuwa anawauliza hivyo watoto. Wa miaka 4 au 5 wanajibu kama mimi. Wakifika 7 hivi wanashtuka. Nina 43. Ndiyo maana muuza juisi ya miwa pale stendi akiniona tu anachukua glasi ndefu.

Kuhusu mikeka ya kubeti sitasema mengi. Kuna Skinner, Mmarekani, na njiwa wake. Punje ikitoka mara moja moja, bila mpangilio, njiwa anadonoa kitufe kama kalogwa. Mimi nilipata elfu kumi na mbili mwaka juzi. Tuachane na hayo.

La mtoto ndilo limenitoa jasho. Kijana wangu yuko darasa la pili. Nikaitwa shule. Mwalimu anasema akiita majina asubuhi, wenzake wanajibu "nipo", wangu anajibu, "Niko njiani, niko hapa Ubungo." Na kakaa dawati la mbele! "Baba, haya ameyatoa wapi?" Nikamwambia ni katuni hizi, mwalimu, televisheni inatuharibia watoto. Nikaanza hotuba. Katikati ya hotuba simu ikaita, jamaa ananidai. Nikapokea fasta: "Niko njiani kaka, niko hapa Ubungo."

Mwalimu akafunga daftari la mahudhurio, taratibu kabisa.

Nyumbani shemeji hata hakushangaa. Akanitajia Albert Bandura. Mwaka 1961 aliwaonyesha watoto mtu mzima akilitwanga doli kubwa. Walipoachiwa lile doli, nao wakalitwanga, na maneno ya yule mtu mzima wakayarudia. Hakuna aliyewafundisha. Shemeji anasema nadharia hiyo ya kuiga ndiyo iliyokuwa nyuma ya Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993. Hapo nikachangamka. Hiyo naijua! Mkwaju! Dereva wa lori, wanawake huku na huku! "Sasa shem, Mkwaju aliwekwa ili watu waone yatakayomkuta, wasimuige." Eh? Mimi miaka yote hiyo nilikuwa namhusudu. Nilitaka nikikua niendeshe lori.

Akaandika tena.

Jana usiku mfuniko ukagongwa. Nikajikaza. Mbwa wa Mrusi aliacha, mimi nishindwe? Ukagongwa tena. Nikaongeza sauti ya redio, nikameza mate, nikatulia. Shemeji kanichungulia mlangoni, kaniona nimekaa imara, kaondoka. Nikasema moyoni, leo umekosa cha kuandika.

Baadaye naenda jikoni kunywa maji. Nawakuta wote wanachokonoa meno. Sufuria limelowekwa. Harufu ya pilau mpaka darini.

"Tumekuita mara mbili, baba Juma," mama watoto anasema. Shemeji anatafuta kalamu.