Kampira Kametulia, Mwenye Fimbo Ndiye Hatulii

Jamani, kwenye soka ukikosa mpira una kisingizio: ulikuwa unakimbia. Kwenye gofu kampira kametulia kwenye majani. Hakana beki, hakana kipa. Kanakusubiri wewe tu. Na bado unakakosa, mbele za watu wazima wenye kofia.

Bosi ndiye kaniponza. Eti madili ya mjini siku hizi yanafungwa kwenye gofu. Mimi nina dili gani? Mimi nina madeni. Nikaenda hivyo hivyo.

Kocha akaanza. Shika fimbo taratibu, kama umeshika kifaranga. Mie kwetu kifaranga ukikishika taratibu kinaenda zake. Haya, kidole kidogo cha kulia kilalie vidole vya kushoto. Mkono wa kushoto unyooke. Magoti yakunjike kidogo. Mabega yazunguke. Kichwa kisitikisike. Halafu eti, "Rilaksi, mzee." Nirilaksi na kiungo gani kilichobaki?

Nikashusha fimbo. Fyuuu! Nikaweka kiganja usoni, nautafuta mpira mawinguni. Kedi, yule mbeba fimbo, akakohoa. "Mzee, upo hapo kwenye kiatu." Nikasema hilo lilikuwa pigo la mazoezi. Kocha kakataa. Ukikusudia kupiga ukakosa, sheria inasema umeshapiga. Yaani hata upepo nahesabiwa!

Lililofuata likagusa. Mpira ukaanza vizuri, ukakata kona kulia, vichakani. Kocha anasema uso wa fimbo umefunguka, na fimbo inatokea nje inakuja ndani. Nikajitia mjanja, nikalenga kushoto. Ndo ukakata zaidi! Kumbe ukigeuza mwili kushoto, uso wa fimbo ukabaki kutazama kulia, unauzungusha mpira vibaya zaidi. Dawa yake kiuno kianze kugeuka, mikono ifuate. Kiuno changu hata kwenye harusi hakinitii.

Sheria inaruhusu kubeba fimbo 14. Mie moja imenishinda.

Kedi akaniomba aijaribu. Kandambili miguuni. Tang! Mpira ukaenda mnyoofu mpaka ukapotea. Nani kakufundisha? "Hakuna, mzee. Nawatazama tu mnavyokosea." Mnavyo. Kaniweka kundini kabisa.

Sasa wewe bosi akikualika, anza na fimbo fupi, nusu mzunguko, mahali ambapo hakuna anayekujua. Au sema mgongo unauma. Mie wangu unauma kweli, na Jumamosi kaniita tena.