Kongole, Bwana Mwasho

Washairi wetu wamesifu karafuu, minazi, majahazi, warembo na hata punda, lakini mwasho haujapata wa kuusifu. Ukitajwa, hutajwa kwa kulaaniwa. Naona ni uonevu, hasa kwa mwasho ninaoufahamu mimi, usioletwa na mbu, kunguni wala uchafu, bali na joto la mwili wako mwenyewe. Umepanda ngazi mbio, umekunywa chai ya tangawizi, umebanwa kwenye daladala, umekaripiwa mbele za watu, basi ngozi inawaka moto. Madaktari wanauita urtikaria ya kikolineji. Mimi, kwa miaka tuliyokaa pamoja, namwita Bwana Mwasho, na leo nampa haki yake.

Huyu hamwendei kila mtu. Kwa kawaida huwaanza vijana, wengi wakiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Presha hungoja uchakae kwanza; yeye hukuchagua ungali na meno yote mdomoni, na kuchaguliwa si jambo dogo. Halafu hana tabia ya kukawia. Msimchanganye na harara, ile ya watoto wanaopakwa poda shingoni kila jioni. Harara ni vijitundu vya jasho vilivyoziba, nayo hukaa siku kadhaa bila haya. Bwana Mwasho huingia dakika chache tu baada ya mwili kupata moto, akafanya lililomleta, na mara nyingi saa moja haiishi ameshaondoka, hakuacha kovu wala alama. Nina jamaa waliokuja kwa siku mbili za msiba mwaka juzi na mpaka leo magodoro yao yako sebuleni.

Namna anavyoingia inastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua daladala ya Mbagala, saa tisa alasiri, mwezi wa Februari, foleni haiendi mbele wala nyuma. Anaanzia kisogoni, pale nywele zinapoishia. Si mwasho bado. Ni kuchomwachomwa, hapa kidogo, pale kidogo, kana kwamba kuna fundi cherehani anapima pa kushonea. Anashuka mgongoni, anazunguka kifuani, anafika mikononi. Ndipo vinapoibuka vinundu vya milimita moja hadi tatu hivi, vimetapakaa, kila kimoja na duara lake jekundu. Hilo duara lina sifa katika vitabu vya tiba kwa sababu picha nyingi za humo ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yangu wekundu huo hauonekani. Inabidi uusogeze mkono dirishani, mwanga uupige kwa ubavuni, au upitishe kidole uvihesabu kwa kuvigusa.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Hawakuwahi kupanda daladala. Mkono mmoja uko kwenye bomba, wa pili umebanwa na mfuko wa dagaa wa mtu, na panapowasha ni katikati ya mgongo. Basi nikaanza kujisugua kwenye kona ya kiti, taratibu, nikijifanya naangalia nje. Mama aliyekaa kando yangu akanitazama, akautazama mgongo wa kiti, akakusanya kanga yake. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "hao kunguni umetoka nao nyumbani au ni wa humu garini?" Kabla sijajibu, watu watatu walikuwa wamesogea. Konda naye, ambaye tangu Kariakoo alikuwa akituhimiza tubanane kwani nyuma kuna nafasi, kwa mara ya kwanza alisema kweli: nafasi ilipatikana, tena kubwa. Nitajieni cheo kingine kinachomtengea abiria wa Mbagala kiti cha watu wawili.

Wasiompenda husema ni mwoga, maana hukimbia akisikia harufu ya hospitali. Mimi naita staha. Shangazi alishaamua kuwa nina damu chafu, jirani akasema ni minyoo, mwingine akanichemshia mwarobaini nioge, na aliyeshauri nioge yale maji yakiwa ya moto nadhani alitumwa na Bwana Mwasho mwenyewe. Mwisho nikaenda kwa daktari. Nikakaa kwenye benchi chini ya feni, na nilipoitwa ngozi ilikuwa safi kabisa. Nikaeleza. Daktari, kijana mdogo, hakucheka. Akaniambia, "Kaka, panda ngazi mpaka ghorofa ya mwisho ushuke, ukiloa jasho urudi hapa." Nikapanda, nikashuka, nikarudi nimechanua kifua kizima. Kumbe huo ndio uchunguzi wenyewe: mgonjwa hutolewa jasho kwa mazoezi, kisha ngozi yake ikatazamwa. Asiye na daktari wa namna hiyo na apige picha kwa simu vipele vikiwa vimetoka, akaende nayo, la sivyo ataonekana mzushi.

Nasaba yake si ya kuokoteza. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Kansas City nchini Marekani, William Duke, aliwaandikia wenzake habari za watu wanaotokwa na vipele kwa sababu ya joto na juhudi za mwili. Chanzo kiko kwenye mfumo wa jasho. Ubongo ukiona mwili umepata moto, hutuma amri kwa tezi za jasho kupitia neva, na mjumbe anayeifikisha amri ni kemikali iitwayo asetilikolini. Kwa wengi jasho hutoka, hadithi ikaishia hapo. Kwetu sisi, seli za ngozini ziitwazo masti nazo hushtuka na kumwaga histamini, na histamini ndiyo inayowasha na kuvimbisha. Mwingereza Henry Dale, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Otto Loewi, alizishughulikia kemikali zote mbili. Kwa baadhi yetu kuna la zaidi: tuna mzio wa jasho letu wenyewe. Wengine wana mzio wa kamba au karanga, vitu vya kununua, sisi tumejitosheleza.

Upupu, kwa kulinganisha, ni mhuni tu. Vijinywele vyake vina kimeng'enya kinachowasha kwa njia nyingine isiyopitia histamini, ndiyo maana aliyemwagiwa upupu shuleni hata akimeza kidonge cha mzio ataendelea kuruka. Bwana Mwasho ana utaratibu, na mwenye utaratibu unaweza kuzungumza naye.

Sifa yake kuu, ile ambayo kwayo ningemjengea mnara, ni kwamba ndiye mkosoaji pekee aliyebaki mkweli kuhusu tunavyovaa na tunavyojenga. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijua wanaishi wapi. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari iliyo juu, ua katikati, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, baraza nje kwa ajili ya upepo wa jioni. Mwanamume alivaa kanzu au kikoi, mwanamke kanga, nguo zinazoruhusu hewa ipite. Sisi wajukuu tumejenga ofisi za vioo vinavyotazama jua la magharibi, dari ya jipsamu unaweza kuigusa kwa mkono, madirisha ya aluminiamu yanayofunguka nusu, bati juu, na matumaini yetu yote tumeyatundika kwenye kiyoyozi. Umeme ukikatika, kila mtu anaendelea kutabasamu ndani ya suti. Hakuna anayesema. Bwana Mwasho ndiye anayesema, na anasemea kwenye shingo yangu, chini ya tai.

Tai yenyewe ina kesi ya kujibu. Kenneth Kaunda alituachia suti nyepesi yenye mikono mifupi, isiyodai tai, na kwa miaka mingi viongozi wetu waliivaa na nchi ilitawalika. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, akaipiga marufuku suti hiyo bungeni. Nairobi nawasamehe, wana baridi yao ya Julai. Lakini hapa Dar es Salaam, Januari, joto limefika nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake, bado kuna kamati ya harusi inayokaa na kuamua kwamba wanakamati wote wavae suti ya vipande vitatu, rangi ya maruni. Nimeshakaa kwenye kamati ya namna hiyo. Keki haijakatwa, mimi nilikuwa nje nyuma ya ukumbi, koti begani, nimeegemea ukuta wa baridi karibu na jenereta. Nilidhani niko peke yangu. Nikamkuta hapo baba mzazi wa bwana harusi, vifungo vitatu wazi, akijipepea kwa kadi ya mwaliko. Yeye hana ugonjwa wowote. Alikuwa anateseka tu kwa heshima, na mimi nilikuwa na cheti.

Amenirekebisha hasira pia. Mwili hauchagui: jua, pilipili mbuzi, aibu au ghadhabu, vyote kwake ni moto. Zamani nilikuwa bingwa wa kubishana na mafundi. Sasa fundi akiniambia kabati litakuwa tayari Ijumaa, na Ijumaa hiyo ni ya nne, nahisi kisogo kinaanza kuchoma, namjibu, "Haya ndugu yangu, tutaonana wiki ijayo." Watu wananisifu kwa subira na hekima. Sina hata moja, nina asetilikolini.

Wapo wanaonishauri nimtoroke, nihamie Lushoto au Njombe kwenye baridi. Hawamjui. Wengi wetu huzidiwa msimu wa baridi, kwa kuwa mwili usiozoea kutoka jasho hushtuka siku ukipata moto ghafla. Waulizeni ndugu zetu walioko ughaibuni: mtu anatoka kwenye theluji na koti lake zito, anaingia kwenye treni yenye joto, na kituo cha pili hakijafika anatafuta mahali pa kuvulia. Ukweli ni kwamba Bwana Mwasho ni mdai mwaminifu kuliko benki. Baada ya kukushika, ngozi huwa na muda wa mapumziko, kwa wengine hata siku nzima, ambao hata ukitoka jasho haji. Ndiyo maana wapo wenzetu ambao, kwa ushauri wa daktari, hukimbia kidogo alfajiri ili wamlipe mapema, wakashinda salama ofisini. Kutoka jasho mara kwa mara huwasaidia baadhi kupoza makali yake.

Dawa zake nazo hazina makuu. Setirizini au loratadini ya kila siku huwasaidia wengi, wala haisinzishi sana. Ile kongwe, klorofeniramini, tunayoijua kwa jina la Piriton, huondoa mwasho na kuondoka na wewe pia: kikao cha saa nane utakikoromea. Kidonge kimoja kisipofaa, daktari anaweza kupandisha dozi hadi mara nne ya kawaida, yeye daktari, si wewe na muuza duka la dawa mkikadiria kwa macho. Kwa waliozidiwa kabisa ipo sindano ya omalizumabu, ila bei yake itakuwasha mfukoni. Mengine ni ya akili tu: pamba badala ya nailoni, maji ya kuoga yasiwe ya moto, supu ingoje ipoe, na ile chupa ya maji ya barafu inayouzwa kituoni niiweke kisogoni kabla sijaifungua. Makonda wameshazoea.

Hapa lazima niache kusifu kidogo. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, kichwa kikawa chepesi mpaka unataka kuanguka, huyo si Bwana Mwasho tena. Hiyo ni dharura, nenda hospitali upesi, na usisubiri kuona kama itapita. Ni wachache hufikia huko, lakini wapo, na aliyewahi kufikia asifanye mazoezi mazito peke yake bila kuongea na daktari kwanza.

Nikirudi kwenye sifa, nabakiwa na ombi moja kwa niaba yake, kwa maana yeye hana mdomo, ana shingo yangu tu. Wakuu wa ofisi, wakuu wa shule na wenyeviti wa kamati za harusi wa pwani yote: kuanzia Desemba hadi Machi ruhusuni mikono mifupi, futeni tai, na madirisha yafunguke mpaka mwisho. Mkishindwa, basi wekeni kiti kimoja nyuma ya ukumbi, karibu na jenereta. Baba wa bwana harusi naye atawashukuru.