Vitu Tisa Vitakavyokupima Politekniki, Mtoto wa Kazimia (Namba Moja Ilizamishwa kwa Makusudi)

Mdogo wangu, mtihani wa Serikali umepita, kuku amechinjwa, na mtaa mzima unakuita enjenia ingawa hujakanyaga hata mlango wa oditwari. Kesho kutwa unapanda boti na godoro lako: Kalemie, kisha Lubumbashi. Au Bukavu, au Goma, kutegemea mfuko wa mjomba. Kabla hujaondoka, soma orodha hii. Nimeipanga kwa uzito wa kila kitu juu ya maksi zako, uwe uzito wa kuinua au wa kuzamisha. Mizani ni yangu na haina muhuri wa ofisi yoyote. Anayebisha aje na yake.

9. Kalkuleta ya kisayansi

Ndiyo, iko mkiani. Makelele ya watu wa Baraka nayasikia hadi huku.

Ile Casio uliyonunuliwa ni mtumishi mtiifu mno, na hapo ndipo ubaya wake unapoanzia. Andika sin 30. Juu ya kioo kukiwa na herufi D ndogo, itakujibu 0.5. Kukiwa na R, itakujibu −0.988, bila aibu na bila hata kukohoa. Mimi nilifanya intero (jaribio la darasani) yangu ya kwanza yote nikiwa kwenye R. Nguzo yangu ilitoka na urefu chini ya sifuri, yaani ilikuwa shimo. Nikapata 4 kwa 20, na nadhani hizo nne zilikuwa za mwandiko.

Hukumu: mtoto aliyetumwa dukani na noti kubwa. Mwamini, lakini hesabu chenji.

8. Kofia ngumu ya njano

Picha yake utaipiga wiki ya kwanza, usikatae. Jioni hiyohiyo simu ya mama itaingia: "Mwanangu, redio imekufa, na si wewe enjenia?"

Hukumu: nzuri kwa jua.

7. Dhahabu ya Misisi

Machimbo ya Misisi ndiyo chuo pinzani. Hakina minervali (ada ya chuo), hakina intero, na aliyeingia juzi leo anapita Kazimia na pikipiki mpya. Wewe uko mwaka wa kwanza, unadaiwa pesa ya silabi, yaani kitini cha profesa.

Lakini shimo nalo lina mitihani yake. Udongo unasukuma, mti unabeba, na mti ukizidiwa hakuna sesioni ya pili. Wanaoweza kueleza kwa nini shimo huporomoka ndio wanaokosekana kule.

Hukumu: kasome kwanza. Dhahabu haiozi.

6. Valvu

Hapa wengi huanguka kabla hata ya kuhesabu. Unafika chuoni, mkubwa mmoja anakwambia, "Nenda kaangalie valvu." Wewe unayetoka kwenye boti unatafuta injini. Hakuna injini. Valvu, kwa lugha ya vyuo vya Kongo tuliyorithi kwa Wabelgiji, ni ubao wa matangazo: mbao, kioo kilichopasuka, karatasi zilizobandikwa juu ya karatasi.

(Kwa kweli Yamaha ya mipigo miwili ya baba mdogo haina valvu kama za gari, hewa na moshi hupitia matundu ya silinda. Usimwambie mkiwa katikati ya Ziwa Tanganyika.)

Intero iliyosogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumanne, chumba kilichobadilika, jina lako lililoandikwa vibaya kwenye orodha ya wanaoruhusiwa mtihani: vyote vinaishi pale. Kikundi cha WhatsApp cha promosheni kitakuletea habari hizo pia, zikiwa zimechanganyika na mahubiri na video za mbuzi.

Hukumu: valvu ya injini ikiziba, gari linasimama. Ya chuo usipoisoma, unasimama wewe.

5. Kifaransa

Fomula tulizimeza kwa Kifaransa kama kwinini: chungu, haraka, bila kutafuna. Halafu profesa anataja somo la rezistansi ya materio, na mtoto wa Fizi anashtuka akidhani kuna watu wamerudi porini. Tulia. Ni kujua tu chuma kitavumilia hadi wapi.

Dawa ninayoijua ni bibi. Chukua ulichosoma leo, mweleze kwa Kiswahili au Kibembe. Momenti ya nguvu? Mwambie asukume mlango karibu na bawaba, kisha asukume upande wa komeo, aone wapi unafungika kwa wepesi. Bibi atakutazama kwa huruma: "Kumbe minervali yote ile ni ya mlango?"

Akikuelewa, umeelewa. Akisinzia, rudi kwenye silabi.

Hukumu: Kifaransa kitakupa maksi, lakini ni bibi atakayekupa somo.

4. Mbalamwezi

Usicheke. Hii nilitaka kuiweka namba moja, ila nimeogopa wavuvi watavimba kichwa.

Kwetu hakuna anayetoka na taa mwezi ukijaa. Ndagala hufuata mwanga, na ziwa lote likishaangaza, taa yako ni mshumaa juani. Basi boti zinavutwa mchangani, na wazee wanakaa chini ya mwembe na nyavu mapajani: sindano ya mti mkononi, uzi wa nailoni umebanwa na meno, tundu moja, fundo, tundu jingine. Mpita njia anadhani wamepumzika. Nenda ukawaambie hivyo.

Sasa hesabu. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), mwaka ni krediti 60, semesta ni 30. Krediti moja ni kama saa 25 za kazi, ndani na nje ya darasa. Zidisha: saa 750. Gawa kwa wiki 15: saa 50 kila wiki. Hata mvuvi wa taa angeomba ruhusa.

Kwa hiyo chukua karatasi moja kubwa, bandika ukutani, uandike wiki zote 15. Wiki zenye intero, TP (kazi za vitendo) na michoro ya kukabidhi zipake kalamu nyeusi: hizo ni usiku wa giza, unavua. Zilizobaki wazi ni mbalamwezi. Bleu, yaani mwanafunzi mpya, akiona wiki wazi, anakwenda kutembea mjini aone magari. Mtoto wa mvuvi anashona: derivate iliyomshinda Oktoba, kielelezo alichonakili bila kukielewa, zoezi la tatu ambalo asistanti alilipita haraka kwa sababu, tuseme ukweli, naye lilimsumbua.

Hukumu: nyavu hazishonwi siku ya kuvua.

3. Tatu

Namba tatu ni Tatu, sikuweza kujizuia.

Aprili 1965 kikosi cha Wakuba waliokuja kusaidia waasi kilivuka ziwa kutoka Kigoma kikatua Kibamba, hapahapa Fizi. Majina yao ya siri yalitoka kwenye hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu na kuendelea. Tatu alikuwa Che Guevara. Novemba mwaka uleule walivuka kurudi, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba mambo yalishindikana. Sababu ni nyingi, na wazee wakianza kubishana juu yake usiku hauwatoshi. Mimi nachukua moja tu: mpango ulitengenezwa mbali, kwa ajili ya watu wa mbali.

Nawe unayo ratiba kama hiyo kwenye simu. Kijana wa Marekani anaamka saa kumi na moja, anakunywa kahawa, anasoma saa mbili kwenye meza nyeupe, anakwenda mazoezi. Umeinakili yote. Hukuangalia kwamba kwako umeme unakatika saa moja jioni, maji yanatoka saa tisa usiku, na mwenzako wa chumba anasali kwa sauti kuanzia saa kumi.

Hukumu: ratiba ya kuazima haikutoshi. Andika yako, ukiwa na saa za umeme mkononi.

2. Boti la mihogo

Archimède ni mtu wa Kazimia, alikosa tu bahati ya kuzaliwa ufukweni kwetu.

Chukua boti la mbao lenye mita 10 kwa mita 1.5, tuseme limenyooka kama sanduku. Usawa wake juu ya maji ni mita mraba 15. Pakia magunia 10 ya mihogo ya kilo 100, yaani tani moja. Boti lazima lisukume mita moja ya ujazo ya maji. Gawa 1 kwa 15: litazama sentimita 6.7. Sasa kamwangalie nahodha. Hana kalkuleta. Anainama, anaweka mkono ubavuni mwa boti, anasema, "Vidole vinne, ongeza magunia kumi." Pima vidole vyako vinne.

Boti halisi limechongoka mbele na nyuma, kwa hiyo litazama zaidi kidogo, na hicho "kidogo" ndicho kinaitwa integrali. Somo linalowaliza watu darasani limelala mchangani kwetu na kamba shingoni.

Wanaobisha kwamba uhandisi huanza na tatizo la jirani, nawapeleka Kinshasa. Thérèse Izay Kirongozi, enjenia aliyesoma chuo cha ISTA, alitazama njia panda za mji ule, magari na watembea kwa miguu wakigombania nafasi, akatengeneza maroboti ya kuongoza magari. Mwaka 2013 yalikuwa tayari yamesimama barabarani yakiinua mikono. Hayachoki, wala hayaombi ya chai.

Hukumu: fomula ikikukimbia, ifuate ufukweni. Haiwezi kwenda mbali.

1. Liemba

Mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli kamili, kisha kikaifungua vipande vipande. Vipande viliingia kwenye masanduku kama 5,000, vikavuka bahari hadi Dar es Salaam, vikasafirishwa hadi Kigoma, vikaungwa upya. Februari 1915 meli iliingia majini, jina lake Graf von Götzen.

Fikiria fundi aliyefungua kwanza sanduku la bomba la moshi. Zuri, linang'aa, lakini huna mahali pa kulisimika. Mkuku kwanza, kisha mataruma, kisha mabati, kisha injini. Masomo yako ni hivyohivyo. Analisi na aljebra ndiyo mkuku. Mekaniki hukaa juu yake, rezistansi ya materio juu ya mekaniki, na daraja unalotaka kujenga juu ya mto Mutambala liko kwenye sanduku la mwisho kabisa. Bleu anayeruka analisi ili awahi "mambo ya daraja" ameshika bomba la moshi, anatafuta meli.

Lakini sijaipa namba moja kwa hilo tu. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanashindwa, wakaamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Na kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nene kila mahali. Walijua wanazama, wakazama kwa adabu. Ikalala chini ya maji miaka kadhaa. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini zilifaa bado.

Mdogo wangu, kuna somo litakalokuzamisha mwaka wa kwanza. Mimi lilinizamisha, na asistanti anayekufundisha huenda lilimzamisha pia. Usizame mkavu. Fanya TP zote, weka daftari safi, kamilisha masomo mengine, kwa maana katika LMD krediti uliyokwisha kupata haipotei. Hiyo ndiyo grisi.

Hukumu: namba moja, na rufaa haipokelewi. Meli ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba. Na nyinyi mnaotaka kalkuleta ipande juu, leteni intero zenu za kwanza tuzione.